Kompyuta ya gemu Meru na Embu: vipuri vinavyopatana na uchaguzi wa pawa saplai

Kompyuta ya gemu ni kompyuta ya mezani iliyoundwa, au iliyoongezewa vipuri, ili iendeshe michezo ya video yenye picha nzito. Kinachoitofautisha na ya ofisini ni kadi ya grafiki, na kwa kawaida kadi hiyo ndiyo hula umeme kuliko kipuri kingine chochote kilichomo ndani ya kasha. Katika miji ya Meru na Embu, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, mtu mwenye mfuko wa kawaida mara nyingi haanzi na kasha tupu. Huanza na kompyuta kuukuu ya ofisi, ile inayouzwa kwa jina la ex-UK, iliyotumika Ulaya miaka kadhaa kabla ya kuuzwa Nairobi na kupakiwa kwenye matatu hadi dukani kwa fundi. Mashine hiyo huja na pawa saplai yake, nayo ndiyo huamua mambo mengine karibu yote. Anayenunua kadi kwanza, kisha akauliza habari za umeme baadaye, hujikuta ananunua mara mbili.

Mashine za ofisi na mpaka wa wati 75

Miongoni mwa mashine za aina hii ni Dell OptiPlex 9020 na HP EliteDesk 800 G1. Zote mbili ni za kizazi cha Haswell, ambacho Intel ilikitoa mwaka 2013. Zina soketi LGA 1150 na hutumia ramu ya DDR3. Prosesa kama Core i5-4570, yenye kiwango cha wati 84, bado inamudu gemu nyingi za muongo wa 2010 na ile michezo mepesi ya mashindano inayochezwa mtandaoni.

Kasha likaguliwe mapema. Lile jembamba, ambalo mafundi huliita SFF, hupokea kadi ya nusu kimo tu; kadi ya kawaida haiingii hata ukiibembeleza. Mnara wa OptiPlex 9020 una pawa saplai ya wati 290, mnara wa EliteDesk 800 G1 una ya wati 320, na EliteDesk nyembamba ina ya wati 240. OptiPlex hiyo haina waya wa pekee wa kulisha kadi ya grafiki. Kadi itakayofungwa humo sharti ijitosheleze kwa umeme wa sloti ya PCIe, ambayo kwa kanuni haitoi zaidi ya wati 75.

Ndani ya mpaka huo kuna kadi chache za maana: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, GTX 1650 ya 2019, RX 6400 ya 2022 inayotumia wati 53, na RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka 2024 na kutumia wati 70. Kila moja ina mtego wake. Baadhi ya watengenezaji waliipa GTX 1650 tundu la pini 6, na kadi kama hiyo haiwaki bila waya wake. RTX 3050 ya gigabaiti 8 ina jina lile lile lakini hutumia wati 130. RX 6400 nayo huzungumza na bodi kwa njia nne tu za PCIe. Kwenye bodi ya zamani yenye PCIe ya kizazi cha 3 hupoteza sehemu ya kasi yake, na hizo ndizo hasa bodi ambazo kadi ndogo kama hii hununuliwa ili ifungwe humo. Kadi za Intel Arc zilizotoka kuanzia 2022 hazifai kabisa kwa mashine hizi, kwa sababu zinategemea huduma ya Resizable BAR ambayo bodi za Haswell zilikuja bila hiyo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Prosesa ya wati 84, kadi ya wati 75, na kama wati 50 za bodi, diski na feni hufanya takriban wati 210. Pawa saplai ya wati 290 inabeba mzigo huo bila kuhema. Ukitaka kadi ya wati 170, hiyo ni mashine nyingine.

Wengi hufikiria kubadilisha pawa saplai pekee. Hapo ndipo Dell na HP wanapomkwamisha mteja: bodi ya 9020 hupokea umeme kwa plagi ya pini 8, na ya EliteDesk 800 G1 kwa pini 6, wakati pawa saplai ya kawaida ya ATX ina plagi ya pini 24. Adapta zipo, na hufanya kazi zikiwa nzuri. Mnara wa OptiPlex 7010 wa mwaka 2012 una soketi LGA 1155 na ni wa kizazi kilichotangulia, lakini bodi yake inatumia pini 24 za kawaida. Kwa mtu anayepanga kupanda ngazi polepole, huo ni ununuzi wa busara zaidi kuliko 9020. Tahadhari moja tu: Dell ililirudia mwaka 2023 jina hilo hilo la 7010 kwa mashine tofauti kabisa.

Kuna jambo la programu pia. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za Haswell hazimo katika orodha ya Windows 11. Gemu kama Valorant, ikichezwa kwenye Windows 11, hudai TPM 2.0 na Secure Boot. Mashine inaweza kuwa na nguvu za kuicheza na bado ikafungiwa mlango.

Kusoma kibandiko cha pawa saplai

Namba kubwa iliyochapwa kwenye sanduku ni ahadi. Ukweli uko kwenye jedwali dogo la pembeni. Prosesa na kadi ya grafiki hulishwa kwa volti 12, kwa hiyo tafuta safu ya +12V, chukua ampea zake, zidisha kwa 12. Pawa saplai inayojiita ya wati 500 lakini ina ampea 15 tu katika safu hiyo inaweza kutoa wati 180 kwa vipuri vinavyohusika. Yenye ampea 42 hutoa wati 504, na hiyo ndiyo ya wati 500 ya kweli. Iwapo kibandiko hakina jedwali, irudishe dukani.

Nembo ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, hupima kiasi cha umeme wa ukutani kinachofika kwenye vipuri badala ya kugeuka joto. Wati zinazoandikwa ni za kutoka, si za kuingia: mashine inayotumia wati 300 kwa ufanisi wa asilimia 85 huvuta takriban wati 353 kutoka ukutani. Nembo hiyo haisemi lolote moja kwa moja kuhusu ubora wa kapasita wala kinga dhidi ya shoti. Hata hivyo pawa saplai isiyo na nembo yoyote haistahili kufungwa kwenye kadi ghali.

Kwenye pawa saplai za zamani, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, kuna swichi ndogo nyekundu nyuma yenye namba 115 na 230. Kenya hutumia volti 240. Swichi ikiachwa kwenye 115, mlio husikika mara tu plagi inapoingia ukutani, na baada ya hapo hakuna tena cha kuuliza.

Waya nazo zina mambo yake. Plagi ya pini 8 ya prosesa na ile ya pini 8 ya kadi ya grafiki hufanana, lakini mpangilio wa chanya na hasi ndani yake umegeuzwa. Kuilazimisha moja kwenye tundu la nyingine ni kuunguza bodi. Adapta inayobadilisha waya wa SATA kuwa pini 6 za kadi ni ya kuepukwa, kwa sababu plagi ya SATA imekusudiwa kubeba wati 54 za volti 12 wakati tundu la pini 6 linaruhusiwa kudai 75. Waya za pawa saplai za kuchomoa zisihamishwe kutoka chapa moja hadi nyingine hata zikiingia vizuri. Hata wakubwa huteleza hapa: mwaka 2022 baadhi ya kadi za RTX 4090, zenye kiwango cha wati 450, ziliyeyuka kwenye plagi yao mpya ya pini 16.

Stima yenyewe

Mpaka wa kusini wa kaunti ya Embu unafuata Mto Tana, na juu ya mto huo kuna mabwawa matano ya Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ilianza kuzalisha mwaka 1968; Gitaru, yenye megawati 225, ndiyo kituo kikubwa kuliko vyote vya umeme wa maji nchini. Ujirani huo haumsaidii mchezaji wa Embu hata kidogo. Umeme huingia kwanza kwenye gridi ya taifa, kisha hurudi kwake kupitia nyaya za mtaani, na gridi ikianguka huanguka kote, kama ilivyokuwa tarehe 25 Agosti 2023 nchi ilipoingia gizani. Msimu wa mvua, matawi na radi hukata nyaya, na stima hurudi kwa kishindo.

Pawa saplai yenye uwezo wa kupokea volti 100 hadi 240 huvumilia kushuka kwa volti kuliko ile ya 200 hadi 240, na katika nyumba zilizo mbali na transfoma tofauti hiyo ni kubwa kuliko rangi ya nembo ya 80 PLUS. Kifaa cha kulinda friji, ambacho wengi huchomeka kompyuta humo, hukata umeme volti zinapokuwa mbaya na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Kinaokoa vipuri, lakini mchezo umekwisha. Anayetaka kuendelea kucheza anahitaji UPS, na hapo asome wati, si VA: UPS ya 650 VA mara nyingi hubeba wati 325 hadi 390 tu. Tena UPS za bei nafuu hutoa umeme wa ngazi-ngazi, na baadhi ya pawa saplai za kisasa zenye saketi ya PFC huukataa na kuzima.

Nyumba isiyo na waya wa ardhi hujulisha yenyewe. Mtu akigusa chuma cha kasha akiwa miguu mitupu huhisi kuwashwa vidoleni. Vichujio vya pawa saplai hupeleka umeme kidogo kwenye kasha, na usipopata njia ya kwenda ardhini, kasha hukaa karibu na nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo, lakini kipuri kinachochomekwa wakati huo kinaweza kufa. Anayehitajika hapo ni fundi wa stima, si wa kompyuta.

Kuunda upya

Kwa anayeanza na vipuri vipya, soketi na ramu huenda pamoja. AM4 ni DDR4. AM5, iliyotoka 2022, ni DDR5 tu. LGA 1700 hupokea mojawapo kulingana na bodi. Bodi ya B450 haitaitambua Ryzen 5 5600 mpaka BIOS yake isasishwe, jambo la kumwomba muuzaji alifanye Nairobi kabla ya kutuma mzigo. Prosesa za Intel zenye herufi F hazina grafiki ya ndani, hivyo kadi ikichelewa kufika skrini itabaki nyeusi. Ryzen 5 5600 pamoja na RTX 3060 ya wati 170 huenda vizuri na pawa saplai ya wati 550, kiwango kile kile ambacho Nvidia inakipendekeza.

Skrini kuukuu zenye VGA pekee zinahitaji adapta yenye saketi ndani, kwa kuwa Nvidia iliacha kutoa picha za analogi kuanzia kadi za mfululizo wa GTX 10.

Mashine inayovuta wati 300 ukutani kwa saa nne kila siku hutumia uniti 1.2, yaani takriban 36 kwa mwezi. Katika bei za umeme zilizoanza Aprili 2023, daraja la nafuu la wateja wa nyumbani huishia uniti 30, kwa hiyo kompyuta hiyo peke yake, kabla ya balbu na televisheni, inatosha kuitoa nyumba katika daraja hilo.