Hazina ya Barghash na Njia ya Usagara

Katika watawala wa pwani yetu, Seyyid Barghash bin Said ndiye anayestahili kuliko wote kuitwa mlezi wa elimu na sanaa. Alitawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, na kabla ya kukalia kiti aliwahi kuhamishiwa Bombay, baada ya jaribio lake la kumpindua kaka yake Majid mwaka 1859 kushindwa. Mji ule mkubwa wa Kihindi haukumtoka kichwani. Alipopata mamlaka alivuta maji ya chemchemi hadi Mji Mkongwe, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, akaleta mashine za kuchapia. Matbaa yake ilitoa, katika miaka ya 1880, majuzuu ya Qamus al-Sharia, kitabu kikubwa cha fiqhi ya Kiibadhi cha Jumayyil bin Khamis al-Saadi, ambacho kabla ya hapo wanafunzi walikinakili kwa mkono. Ingawa yeye mwenyewe alikuwa Muibadhi, alimkaribisha Sheikh Uways wa Barawa, Msunni na kiongozi wa tarika ya Qadiria. Wazee wa taarab nao husimulia kwamba ni yeye aliyempeleka Muhammad bin Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, na kwamba muziki wa kasri la Unguja ulianzia hapo. Ni sifa za haki, na sina nia ya kumpunguzia hata moja. Lakini tarehe ya ulezi huo haikamiliki ikiandikwa kutoka Forodhani peke yake. Yafaa iandikwe pia kutoka Kilosa, katika Usagara ya bara, kwa sababu Kilosa ilichangia gharama yake na haikupata hata ukurasa mmoja.

Gharama hiyo ilitoka wapi? Tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, yakiwemo mashamba ya Sultani mwenyewe. Mwaka uliofuata akalazimishwa na Waingereza kufunga soko la watumwa. Uzito ukaegemea ushuru wa forodha, uliokodishwa kwa matajiri wa Kihindi, nyumba ya Jairam Shivji na, kwa kipindi, Taria Topan. Na pembe za ndovu zilizoshukia Bagamoyo na Saadani zilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za forodha hiyo. Pembe hizo zilipita Usagara. Misafara ya Unyanyembe na Ujiji ilifuata bonde la Mkondoa, pale ulipo mji wa Kilosa leo, au ilizunguka kaskazini kwa Mamboya kuelekea Mpwapwa. Mpagazi mwenye frasila mbili begani hawezi kubeba na chakula cha miezi, kwa hiyo kila msafara ulikula katika mashamba ya Wasagara na Wakaguru, ukilipa kwa merikani, shanga na waya wa shaba. Aliyelima mtama Msowero hakupeleka kodi Unguja, lakini bila mtama wake pembe isingefika pwani kutozwa ushuru. Huo nauita mchango, na sioni jina jingine linaloufaa.

Kilichorudi ni askari. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Barghash aliweka kambi Mamboya, chini ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, kwa ajili ya kuzuia biashara ya watumwa ya nchi kavu. Katika Nguru alikuwa na wakili wake, Salim bin Hamid. Bendera ilifika, bunduki ilifika, lakini karani hakufika, wala mwalimu aliyelipwa na hazina. Ndipo Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters akaingia kutokea Saadani na makaratasi yake. Tarehe 29 alikuwa Msovero, kama jina lilivyoandikwa wakati ule, kwa mtawala Mangungo. Kila mtoto wa shule Tanzania anajua kilichotokea: Mangungo akatia alama chini ya hati iliyoitwa ya urafiki wa milele, nayo ikatoa ardhi yake yote kwa chama cha ukoloni cha Wajerumani. Kisichosimuliwa sana ni kwamba hati hiyohiyo inadai kuwa Mangungo, alipoulizwa, alisema hamtegemei Sultani wa Unguja, na wala hamjui. Siku chache baadaye Mwinyi Sagara, mtawala mwingine wa Usagara, naye alikuwa ametia alama yake.

Atakayemtetea Barghash atasema Usagara haikuwa nchi yake, basi adaiwe nini huko? Jibu alilitoa mwenyewe. Kaiser wa Ujerumani alipotia sahihi hati ya kuzilinda nchi alizozidai Peters tarehe 27 Februari 1885, Barghash alimpelekea malalamiko kwamba nchi hizo ni zake na kwamba ana vituo vya askari ndani yake. Hakuweza kutaja chuo wala kadhi aliyemweka, na madai yanayosimama juu ya askari huanguka mbele ya askari wengi zaidi: Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, naye akakubali.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Hati ya Peters ilikuwa ya Kijerumani. Hata kama Msovero ingejaa watu waliohitimu Kurani na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nani angeisoma? Na Barghash, msomi mwenye makarani wa kila lugha, aliokolewa na nini? Nakubali kwamba kusoma hakuzuii mizinga. Lakini maandishi hufanya kazi mbili, kusoma ya mwenzako na kuweka yako. Malalamiko ya Barghash yapo hadi leo, na kwa hayo tunajua alisema nini. Mangungo hakuacha mstari. Alichosema siku ile tunakipata kwa mkono wa aliyemnyang'anya, pamoja na lile neno kwamba hamjui Sultani, ambalo lilimfaa mno Peters kiasi kwamba nasita kuliamini. Karani mmoja wa kienyeji, mwenye kalamu na nakala ya pili, angeacha ushahidi wa upande wa Msovero. Kwa kukosa huyo, jina la mtu limekuwa tusi la kila mkataba mbaya nchini, na sidhani ni haki.

Wengine watasema nampima mfalme wa karne ya 19 kwa kipimo cha leo. Basi tumpime kwa Mhindi wa zama zake. Sayajirao wa Tatu wa Baroda alipewa kiti 1875, mwaka ambao Barghash alizuru London. Naye alipenda sanaa na kumkaribisha mchoraji Ravi Varma. Lakini mwaka 1893 alianza kulazimisha elimu ya msingi katika Amreli, 1906 akaieneza dola nzima, kisha akajenga maktaba za umma na kusafirisha masanduku ya vitabu hadi vijijini. Alikuwa na amani ya Waingereza na miaka mingi ambayo Barghash hakupewa, hilo ni kweli. Hata hivyo wazo la kwamba kitabu cha mfalme kimfuate mkulima halikuwa nje ya dunia yao.

Elimu iliingia Usagara kwa milango mingine. Waislamu wa misafara walifundisha wenyewe, bila hazina. Mmisionari J. T. Last, aliyekaa Mamboya, alijifunza Kikaguru na kutoa kitabu cha sarufi yake mwaka 1886. Kilichapwa London, wakati matbaa ya Barghash ilikuwa Unguja, ng'ambo ya bahari kutoka Saadani. Kisha Wajerumani wakawaweka maakida, wengi wao watu wa pwani wenye kusoma na kuandika. Hivyo katika vijiji vingi vya Kilosa Mswahili wa kwanza aliyefika na kalamu akiwa na mamlaka ya serikali alikuja kuandika majina ya walipa kodi. Kwamba leo Ilonga ina chuo cha ualimu na Mikumi ina chuo cha ufundi cha VETA ni kazi ya watu waliokuja baadaye sana.