Simu za intaneti: kuongea na ndugu aliye nje kwa bei nafuu

Mwanao yuko Dubai, wewe uko Ruangwa au Nachingwea. Ukimpigia kwa vocha ya kawaida, salio linakatika hata salamu hazijaisha. Ndiyo maana wengi wamehamia kwenye simu za intaneti. Zinafanyaje kazi?

Kwa nini ni nafuu?
Simu ya kawaida ya nje hupita kwenye mitandao ya kampuni za nchi mbili, na unatozwa kwa dakika. Simu ya intaneti husafirisha sauti kama data, hivyo unalipia bando tu, awe Lindi mjini au ng'ambo. Simu ya sauti ya WhatsApp kwa kawaida hula chini ya MB 1 kwa dakika. Ya video hula zaidi. Lakini mtandao uwe mzuri. Ukiona herufi E juu ya kioo, sauti itakatikakatika. Sogea penye 3G au 4G.

Dubai ina sheria yake
Falme za Kiarabu zimezuia kupiga simu kwa WhatsApp, ingawa meseji zinafika. Walioko huko hutumia programu zenye leseni, kama Botim, na wewe uwe nayo pia.

Kama mama ana kitochi?
Aliye nje anaweza kutumia programu inayopiga kutoka intaneti hadi simu ya kawaida. Yeye ndiye ananunua salio. Mama anapokea bila bando. Skype, iliyoanza 2003, ilieneza huduma hii hadi ilipofungwa Mei 2025. Zipo nyingine. Kabla ya kuweka fedha, aangalie bei ya dakika ya kupiga Tanzania (+255).

Namba haisemi mtu aliko
Programu nyingine huuza namba za intaneti. Mtu anaweza kukaa popote akapiga kwa namba ya Marekani (+1). Matapeli wanalijua hilo.

Ukipigiwa na namba ngeni, "mwanao amelazwa, tuma fedha haraka", kata. Mpigie mwanao kwa namba unayoijua, au muulize ndugu mwingine aliye naye huko. Tarakimu 6 za kufungulia WhatsApp usimpe mtu yeyote, hata akisema ni wa kampuni ya simu. Ujumbe wa kitapeli utume 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli.