Upana wa Reli na Njia za Ujumbe: Mtandao wa Kompyuta Ukitazamwa kutoka Kamatanda

Anayemfundisha mwanafunzi mgeni maana ya mtandao wa kompyuta hukimbilia mfano wa utando wa buibui. Kwa msomaji wa Kamatanda, kando ya mji wa Likasi katika Haut-Katanga, upo mfano ulio karibu zaidi, nao ni reli ya shaba. Makala haya yanaufuata mfano huo hadi pale unapokoma kusaidia.

Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikaendelea kaskazini hadi Bukama mwaka 1918. Mwaka 1928 shaba ilipata njia ya pili, kwa reli hadi Port-Francqui (Ilebo) na kisha kwa mto. Mwaka 1931 ikapata nyingine, ya kwenda bandari ya Lobito nchini Angola. Vita vya Angola vilipoifunga njia ya Lobito mwaka 1975, mzigo uligeuziwa njia nyingine, hasa za kusini. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu ambayo wanahistoria wa siasa huipita haraka: Rhodesia, Katanga na Angola zote zilitumia reli ya upana wa milimita 1,067. Behewa lilivuka mpaka bila kupakuliwa. Reli ya kati ya Tanzania ina upana wa milimita 1,000. Ndiyo maana mzigo wa TAZARA hauwezi kuingia humo bila kuhamishwa.

Upana huo ndio unaoitwa itifaki katika kompyuta: kanuni moja inayokubaliwa na mitambo isiyofanana. ARPANET, mtandao wa Marekani uliopeleka ujumbe wake wa kwanza tarehe 29 Oktoba 1969, ulihamia itifaki ya TCP/IP tarehe 1 Januari 1983, nayo ndiyo inayounganisha intaneti hadi leo. Ujumbe hukatwa vifurushi vidogo, na kila kifurushi hubeba anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Katika kila njia panda hukaa chombo kiitwacho ruta, ambacho husoma anwani na kuchagua njia. Vifurushi vya barua moja vyaweza kupita njia mbalimbali, vikafika bila mpangilio, kisha vikapangwa upya. Kilichopotea huombwa tena. (Hapa mfano wa reli unapwaya: behewa likipotea, hakuna stesheni itakayotoa jingine mfano wake kwa kufumba na kufumbua.)

Hata hivyo, itifaki haiamui njia zijengwe wapi. Reli ya Katanga ilijengwa ili kuitoa shaba nje, na intaneti ya Kongo nayo ilianza kwa kutazama nje. Kwa miaka mingi ilitegemea setilaiti. Barua ya mtu wa Likasi kwa ndugu yake wa Lubumbashi, umbali wa kilomita mia moja na ushee, iliweza kupanda angani, ikashuka Ulaya na kurudi, kwa kuwa makampuni yao mawili hayakuwa na mahali pa kukutana nchini. Kituo cha kubadilishana vifurushi, KINIX, kilianzishwa Kinshasa mwaka 2012. Waya wa baharini wa WACS ulianza kutumika kutoka Muanda mwaka 2013.

Wingi wa njia nao haukuwa kinga. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchi nzima kwa takriban siku 20. Ruta hutafuta njia nyingine pale njia moja inapoharibika. Wenye leseni wote wakitii amri moja, haina pa kutafuta.

Kwa sisi wa taaluma za Kiswahili suala hili lina sura nyingine tena. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha Katanga na kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya Elisabethville iitwayo *Vocabulaire*. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na ufafanuzi mwaka 1990, na mwanzoni mwa karne hii maandishi hayo yakawekwa katika hifadhi ya intaneti iliyotunzwa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Mwanafunzi wa Likasi aliyeifungua hifadhi hiyo alikuwa akiiomba Amsterdam impelekee, kifurushi kwa kifurushi, maneno yaliyoandikwa mji wa jirani.