Kutu na Historia ya Gari Dogo: Mbarara na Nakivale

Historia ya Afrika Mashariki tumezoea kuisoma katika vita, mikataba na majina ya watawala. Katika makala haya twakusudia kuitazama mahali pasipotazamwa na wengi, yaani chini ya zulia la gari kuukuu.

Gari tulinenalo ni Volkswagen dogo, lile lenye mgongo wa mviringo kama kobe. Lilibuniwa na Ferdinand Porsche huko Ujerumani kabla ya Vita Vikuu vya Pili, lakini kiwanda cha Wolfsburg kilianza kuliunda kwa wingi baada ya vita tu, kuanzia mwaka 1945, chini ya usimamizi wa jeshi la Uingereza. Katika mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kupita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, gari hilo lilishinda mwaka 1954, 1957 na tena 1962. Si ajabu basi kwamba lilipendwa. Injini yake hupozwa kwa hewa, wala haina rejeta ya kuvuja njiani.

Injini ilisifiwa kwa haki. Bodi ndiyo iliyopatwa na adui. Chuma, maji na hewa vikutanapo, kutu huzaliwa, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa hiyo huvimba katikati ya maungio na kuyatanua, mithili ya mzizi uingiao katika ufa wa ukuta. Wenzetu wa Mombasa na Zanzibar hulaumu chumvi ya bahari. Mbarara haina bahari, lakini ina misimu miwili ya mvua na barabara za udongo mwekundu. Udongo huo hujishindilia chini ya madigadi, nao hukaa na unyevu hata jua liwakapo. Tena betri ya gari hili iliwekwa chini ya kiti cha nyuma, na asidi yake ikimwagika huila sakafu polepole bila mwenye gari kujua.

Kutu ya kawaida ni jambo la fundi na mwenye gari. Nchini Uganda lakini siasa nazo ziliingia katika bati. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Maduka mengi ya vipuri na karakana nyingi zilikuwa mikononi mwao, na walipokwenda, vipuri vikawa adimu. Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliutwaa mji wa Mbarara, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa. Katika miaka ile fundi alitumia alichokipata: bati la pipa la mafuta, lehemu, lami, hata matambara yaliyopakwa rangi. Ndiyo maana gari la wakati huo likifunguliwa leo, aghalabu hukutwa kiraka juu ya kiraka, na kila kiraka kina umri wake. Tabaka hizo ni kumbukumbu, ingawa hakuna karani aliyeziandika.

Hapa pana mjadala. Wako wapenzi wa magari ya kale wasemao kwamba kiraka cha pipa kiachwe kwa heshima ya fundi wa siku za dhiki. Sisi hatukubaliani nao. Chini ya milango ya gari hili mna mihimili miwili iliyo mitupu ndani kama mianzi. Hiyo ndiyo inayoipa bodi nguvu, na pia hupitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini. Mhimili ulioliwa kisha ukafichwa kwa pati na rangi mpya hung’aa mbele ya mnunuzi, lakini siku ya ajali hukunjika kama karatasi. Kiraka kipigwe picha, kipimwe, kiandikwe daftarini, kisha kikatwe.

Kukata nako kuna adabu yake. Kwanza fundi hugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza, kwani chuma kizima hulia na kilichooza hunyamaza. Kisha huchokoa kwa bisibisi. Kabla ya kuondoa mhimili, huchomelea nondo za muda kukingama nafasi za milango, la sivyo bodi italegea na milango haitafunga tena daima. Hukata mpaka afike penye chuma kisafi, wala haishii ukingoni mwa tundu. Umbo la kiraka hulichora kwanza kwenye karatasi ngumu. Huchomelea nukta kwa nukta, akiruka huku na huku, maana joto likikaa mahali pamoja bati jembamba hujikunja. Mabati ya kuezekea nyumba hayafai: ni membamba mno, na zinki yake ikiungua hutoa moshi umtiao mchomeleaji homa. Vijana wanaojifunza kazi hii waambiwe jambo hilo siku ya kwanza.

Kutoka Mbarara twende sasa Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara. Makazi hayo ya wakimbizi yalianzishwa kati ya mwaka 1958 na 1960, wakati Wanyarwanda walipokimbia machafuko ya kwao. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi, na ufundi ni mali isiyonyang’anywa mpakani. Kwetu sisi walimu, hapo pana utajiri wa pekee. Pale tusemapo “kuchomelea”, fundi wa Kivu aweza kusema “kusude”, neno alilolirithi kwa Kifaransa. Tusiharakishe kumsahihisha kwa kalamu nyekundu. “Lehemu” yenyewe ni ya Kiarabu, “karakana” ina asili ya Kiajemi, “gari” ni la Kihindi, na “msasa” ni jina la mti ambao majani yake yanakwaruza. Neno “fundi” nalo limehamia hata katika Kiganda. Mwanafunzi atakayeandika maneno ya karakana moja tu kwa juma moja ataleta darasani msamiati ambao kamusi nyingi hazijaufikia.

Mihimili mipya ikishakaa, hupakwa rangi ya msingi, na maungio huzibwa ili maji yasipenye. Ndani ya uwazi humiminwa nta au mafuta mazito, kwa kuwa brashi haifiki. Mwisho fundi hupitisha waya katika vitundu vidogo vya chini, vilivyotobolewa kiwandani ili maji yatoke. Katika magari mengi kuukuu vitundu hivyo hukutwa vimezibwa kwa lami na mtu aliyedhani kwamba anazuia maji yasiingie.