Pikapu za Kuvuta Tela na Injini Zilizozipa Jina

Mwaka 1914 mfanyabiashara wa mbao wa Detroit, Frederic Sibley, alitaka kuipeleka mashua yake kaskazini mwa jimbo la Michigan. Alikuwa na gari, Ford Model T, lakini mashua haikuwa na pa kukaa. Akamwendea August Fruehauf, mhunzi na mtengenezaji wa mikokoteni, ambaye alimuundia tela na kulifunga nyuma ya Ford hiyo. Mashua ikafika. Sibley akarudi kuagiza matela mengine ya kubebea mbao, na mwaka 1918 Fruehauf akasajili kampuni iliyokuja kuwa miongoni mwa wakubwa wa matela duniani.

Kisa hiki husimuliwa sana kama chanzo cha matela ya malori. Kisichosemwa sana ni hali ya lile gari la mbele. Model T ilikuwa na nguvu za farasi 20 tu, na waliolibuni hawakuwa na mashua akilini. Tangu hapo Wamarekani hawajaacha kufunga nyuma ya magari yao mizigo inayozidi matarajio ya mhandisi: farasi, ng'ombe, matrekta, boti, nyumba nzima zenye jiko na choo. Soko la pikapu nzito zilizotumika limejengwa juu ya kumbukumbu ya magari yaliyomudu kazi hiyo na yale yaliyomwacha mwenyewe njiani.

Ford ilianza kuuza pikapu iliyokamilika kiwandani mwaka 1925, kwa dola 281. Kabla ya hapo mkulima alinunua gari, kisha akapigilia kasha la mbao nyuma. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kasi iliongezeka. Dodge ililichukua gari lake la jeshi, ikalivika sura ya kiraia na mwaka 1946 ikaliuza kwa jina la Power Wagon. Ford ikaanzisha mfululizo wa F mwaka 1948, na mwaka 1953 majina ya F-250 na F-350 yakaingia sokoni. Yapo hadi leo. Mwaka 1959 Wally Byam, mwasisi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa nyumba za kuvutwa 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo, kupitia Afrika Mashariki na Ethiopia, kwenye tope na mawe. Kwa kampuni iliyotaka kuuza nyumba za kuvutwa, tangazo bora kuliko hilo lisingepatikana.

Mnunuzi wa zamani aliitambua pikapu nzito kwa kuangalia gurudumu la nyuma. Katika pikapu nyepesi, shafti ya ekseli inazungusha tairi na papo hapo inabeba uzito. Ikikatika, gurudumu linaweza kuchomoka na kwenda zake. Katika nzito, uzito unabebwa na kasha la ekseli, na shafti ina kazi moja tu ya kuzungusha. Alama yake ni habu nene inayochomoza katikati ya ringi. Hadi leo fundi mzee akiitwa kukagua gari, jicho lake huanzia pale kabla hajafungua boneti.

Kwa miaka mingi chini ya boneti mlikaa injini kubwa za petroli, za lita saba na zaidi. Zilivuta vizuri na kunywa mafuta bila aibu. Halafu ikaja Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zikazuia mafuta, na foleni zikajaa kwenye vituo vya Marekani. Hapo dizeli ikaanza kusikika kama jibu.

Jibu la kwanza lilikuwa balaa. Mwaka 1978 General Motors ilitoa dizeli ya lita 5.7 kutoka kitengo chake cha Oldsmobile, ikaiweka kwenye magari ya kawaida na pikapu nyepesi. Ili kubana gharama, hedi ilifungwa kwa mpangilio uleule wa bolti za injini ya petroli, ingawa mgandamizo ndani ya dizeli ni zaidi ya mara mbili. Bolti zikavutika, gasketi zikaungua, maji yakaingia kwenye silinda. Juu ya hayo, hapakuwa na kifaa cha kutenga maji yaliyochanganyika na mafuta, kwa hiyo pampu na nozeli ziliota kutu. Injini iliondolewa mwaka 1985, na Wamarekani wengi wakaapa kutogusa tena gari la dizeli.

Walioirudisha imani kwa dizeli ni watu wa shambani na wa malori. Ford haikuunda dizeli yake. Ilikwenda kwa International Harvester, kampuni ya matrekta na malori, na kwa matoleo ya 1983 ikapata injini ya lita 6.9, iliyokua hadi lita 7.3 mwaka 1988. Zilikuwa nzito, zenye kelele na polepole, ila zilidumu. Ugonjwa wao ulihitaji elimu kidogo: kuta za silinda zilitetemeka, viputo vya mvuke vikajitengeneza kwenye maji ya kupozea, na kila kiputo kilipopasuka kilichimba chuma kutoka upande wa nje, hadi ukuta ukatoboka. Dawa ilikuwa kuongeza kemikali maalumu kwenye maji ya rejeta. Mwenye gari aliyeijua siri hiyo alivuta tela miaka na miaka. Asiyeijua alinunua injini nyingine.

Dodge nayo ilikuwa hoi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 ilikuwa bado inauza bodi ya mwaka 1972. Mwaka 1989 ikafunga ndani ya bodi hiyo kuukuu injini ya Cummins ya lita 5.9, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, iliyobuniwa kwa ushirikiano na kampuni ya J. I. Case kwa ajili ya mashine za kilimo na ujenzi. Uzito wake ulikaribia nusu tani. Nguvu za farasi zilikuwa 160 tu, lakini nguvu ya kuzungusha ilifika takriban nyutoni-mita 540, tena injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, pale hasa tela linapohitaji kuondolewa mlimani. Haikuwa na mkanda wa muda wa kukatika. Kazi hiyo ilifanywa na gia. Pampu yake haikuhitaji kompyuta.

Hii ndiyo injini iliyobadilisha namna Wamarekani wanavyozungumza sokoni. Muuzaji akaanza kutaja injini kabla ya rangi, na mnunuzi akauliza mwaka kabla ya bei. Waliochunguza zaidi waligundua kwamba hata Cummins ina miaka yake. Zile za 1994 hadi mapema 1998, zenye pampu ya Bosch P7100, ndizo zinazowindwa kuliko zote. Zilizofuata, zenye valvu 24 na pampu ya VP44, zilisumbua: pampu ndogo ya kusukuma mafuta ilipochoka, ile kubwa iliachwa bila mafuta ya kuipoza na ikafa.

Hata zile zinazosifiwa zina kijidudu chao. Ndani ya kasha la gia za mbele kuna pini ndogo ya chuma, iliyowekwa kusaidia kulipanga kasha wakati wa kuunganisha injini. Mtetemo wa miaka unaweza kuilegeza hadi ikadondokea kwenye gia. Inayosalia ni vyuma chakavu. Fundi huizuia kwa kibati kidogo kinachoshikwa na bolti, kazi ya gharama ndogo ukilinganisha na injini. Gia za otomatiki za Dodge hizo zilikuwa dhaifu kwa nguvu ile. Za mkono zilikuwa bora, isipokuwa nati ya gia ya tano iliyozoea kufunguka yenyewe.

Ford ilijibu katikati ya mwaka 1994 kwa Power Stroke ya lita 7.3, bado ikitoka kwa Navistar, jina jipya la International. Nozeli zake zilisukumwa na oili ya shinikizo kubwa, teknolojia iliyoendelezwa pamoja na Caterpillar. Kwa matoleo ya 1999 injini hiyo ikapewa chesisi mpya ya Super Duty, na hapo mambo yakakaa sawa. Kasoro yake maarufu inachekesha ukilinganisha na nyingine: sensa ndogo ya kamshafti ikifa, injini inazimika ghafla barabarani. Madereva wazoefu hubeba sensa ya akiba na spana ya milimita 10.

Kisha ikaja lita 6.0, kwa matoleo ya 2003, na jina lilelile la Power Stroke likageuka onyo. Kipoza oili kiliziba kwa uchafu wa maji, kipoza moshi wa ekzosi kikakosa maji na kupasuka, presha ikapanda, na hedi iliyoshikwa kwa bolti nne kila silinda ikainuka. Ford iliishtaki Navistar mwaka 2007. Zilipatana mwaka 2009. Nembo ileile, mlango uleule, magari mawili yaliyopishana kwa miezi michache, na moja lina sifa ya kudumu huku jingine likiogopwa. Anayechagua kwa nembo peke yake hajui anachonunua.

General Motors, ikiwa bado na kumbukumbu ya Oldsmobile, ilitafuta mwenza Japani. Na Isuzu, ileile ambayo malori yake yanaunganishwa Nairobi, iliunda kampuni ya pamoja ya DMAX huko Ohio, na mwaka 2001 wakatoa Duramax ya lita 6.6 pamoja na giaboksi ya Allison. Giaboksi hiyo ilikuwa bora kuliko ya wapinzani wote. Nozeli za miaka ya kwanza zilivuja, tena zilifichwa chini ya kifuniko cha valvu, hivyo kuzifikia ni kazi ya siku. GM ililazimika kurefusha dhamana ya nozeli hizo hadi miaka saba au kilomita 320,000 hivi. Toleo la 2006 na 2007 linasifiwa zaidi.

Mwaka 2007 sheria za hewa safi zilileta chujio la masizi kwenye ekzosi. Hewa ilifaidika, mfuko wa mwenye gari haukufaidika. Ndiyo maana pikapu za kabla ya hapo bado zinatafutwa.

Kuhusu uwezo wa kuvuta, kila kampuni ilijitangazia tarakimu yake hadi wahandisi wa magari wa chama cha SAE walipochapisha kanuni ya J2807 mwaka 2008. Jaribio lake gumu linafuata mteremko wa Davis Dam huko Arizona: gari linapanda na tela kwenye joto la nyuzi 38, kiyoyozi kikiwa kwenye kiwango cha juu, bila kushuka chini ya mwendo uliowekwa. Toyota iliikubali kwanza, kwa matoleo ya 2011. Kampuni kubwa za Marekani zilisitasita miaka kadhaa. Kwa hiyo tarakimu za pikapu ya 2002 ni maneno ya muuzaji, na anayeinunua leo apunguze kabla ya kupakia.

Mita ya umbali nayo isiaminiwe haraka. Kuirudisha nyuma ni kosa la shirikisho tangu mwaka 1972, lakini gari la kabla ya matoleo ya 2011 halilazimiki tena kutamkiwa umbali wakati wa kuuzwa. Tundu la mpira wa kuvutia lililopanuka na kanyagio la breki lililolika hadi chuma vinasema zaidi ya tarakimu yoyote.

Kwa mtu aliyeko Marekani mwenye tela la tani nne au tano na asiye na gereji nyumbani, uamuzi wa mwandishi huyu ni Ford ya 7.3 ya kati ya 1999 na 2003, mbele ya Cummins ya zamani, kwa sababu gari zima linalingana na injini yake: breki, bodi na giaboksi havijaachwa nyuma. Mnunuzi afike asubuhi kabla muuzaji hajaiwasha, aguse boneti kuhakikisha ni baridi, kisha asimame nyuma ya ekzosi wakati ufunguo unageuzwa. Moshi mweupe ukiendelea hata injini ikishapata joto, abaki na pesa zake.