Kinanda cha midi: mambo ya kujua kabla ya kununua cha kwanza

Kinanda cha midi hakina sauti. Kibonyeze mchana kutwa kikiwa peke yake mezani, utasikia vitufe vikigonga tu. Jambo hili ndilo linalowakamata vijana wengi: mtu ameuza alizeti au amedunduliza fedha za bodaboda, amekuja mjini Dodoma, amenunua boksi lenye picha nzuri, amerudi Bahi au Kongwa, na usiku ule hakuna muziki. Kurudi tena mjini kubadilisha ni nauli nyingine, na duka huenda lisikubali.

Makala hii inaeleza kinanda hicho ni nini, kinahitaji nini ili kifanye kazi, na namna ya kuchagua cha kwanza kwa mtu anayetaka kutengeneza muziki nyumbani, awe Makole mjini au kijijini ambako umeme ni wa sola.

Midi ni nini

Midi ni lugha ya vyombo vya muziki vya umeme. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kinanda cha kampuni moja kilikuwa hakielewani na kinanda cha kampuni nyingine. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, mwanzilishi wa kampuni ya Roland, walisukuma wazo la lugha moja kwa wote. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, vinanda vya kampuni mbili tofauti viliunganishwa kwa waya mbele ya watu, na kimoja kikakipigisha kingine.

Unapobonyeza kitufe, kinanda hutuma taarifa fupi kwa simu au kompyuta: kitufe namba 60 kimebonyezwa, kwa nguvu ya 90. Ukikiachia, hutuma taarifa kwamba kimeachiwa. Nguvu huhesabiwa hadi 127. Programu iliyo kwenye simu au kompyuta ndiyo inayotoa sauti, iwe ya piano, besi, filimbi au ngoma.

Faida yake ni kubwa. Ukikosea noti moja, unairekebisha hiyo moja bila kurudia wimbo mzima. Ukipiga kwa sauti ya piano halafu ukaona gitaa linafaa zaidi, unabadilisha sauti tu. Na kwa mwenye bando dogo, faili la midi la wimbo mzima huwa na kilobaiti chache, wakati sauti iliyorekodiwa kwa ubora wa CD hula takribani megabaiti 10 kwa kila dakika 1. Ukiwa Mpwapwa unaweza kumtumia prodyuza wa mjini midi ya wimbo wako kwa simu, naye akaifungua na kuweka sauti zake.

Kagua kwanza ulichonacho

Huenda huhitaji kununua kinanda kabisa. Vinanda vingi vinavyotumika makanisani, hasa vya Yamaha na Casio, vina tundu la USB nyuma. Likiwa limeandikwa USB TO HOST, kinanda hicho kinaweza kuzungumza midi na kompyuta kwa waya wa kawaida wa printa. Vya zamani zaidi vina matundu ya duara yenye pini 5, yaliyoandikwa MIDI IN na MIDI OUT. Hivyo vinahitaji waya maalumu wa kugeuza midi kuwa USB. Zungumza na kiongozi wa kwaya. Saa 2 za jioni, mara mbili kwa wiki, kwa makubaliano, zinaweza kukutosha kujifunza kabla hujatoa hata shilingi.

Lakini tahadhari: vipo vinanda vya bei ndogo, vya kuchezea watoto, vyenye tundu la USB la kuingizia umeme au kusomea flashi tu. Hivyo havitumi midi. Kama neno MIDI au USB TO HOST halimo kwenye kinanda wala kwenye kijitabu chake, usibahatishe.

Mwenye kompyuta mpakato anaweza kuanza bila kinanda chochote. LMMS ni programu ya bure, na FL Studio ina toleo la majaribio; zote mbili hukuruhusu kupiga noti kwa herufi za kompyuta. Kasoro ni kwamba herufi haijui kama umeigusa taratibu au kwa nguvu, kwa hiyo kila noti hutoka kwa uzito uleule. Aidha, toleo la majaribio la FL Studio hukuruhusu kuhifadhi kazi lakini hukuzuia kuifungua tena mpaka ulipie. Pamoja na hayo, mtu akitengeneza biti 3 au 4 kwa herufi kwa mwezi mmoja, atajua kama kazi hii anaipenda kweli.

Kutumia simu

Wasikilizaji wengi wana simu ya Android. Simu yenye Android 6.0 au zaidi kwa kawaida inaweza kupokea midi, mradi iwe na uwezo wa OTG, yaani uwezo wa simu kusoma kifaa kilichochomekwa kwake. Namna rahisi ya kupima: azima adapta ya OTG, chomeka flashi. Simu ikiisoma flashi, tumaini lipo. Ikikataa, kinanda nacho huenda kisisomeke.

Mambo mawili yanasumbua kwenye simu. La kwanza ni chaji. Kinanda hunyonya umeme wa simu kupitia tundu lilelile la kuchajia, kwa hiyo betri hushuka haraka. Dawa yake ni adapta yenye matundu mawili, moja la kinanda na jingine la chaji.

La pili ni uchelewaji. Unabonyeza sasa, sauti inatoka baadaye kidogo. Uchelewaji ukiwa mdogo sana sikio halihisi, lakini ukifika milisekunde 30 au 40 hivi, mkono unaanza kupoteza mdundo. Simu za bei ya chini mara nyingi zina tatizo hili. Kabla ya kununua kinanda, pakua programu ya bure kama BandLab, gonga ngoma kwenye kioo cha simu, usikilize kwa visikio vya waya. Visikio vya bluetooth huongeza uchelewaji wao wenyewe, hivyo usivitumie kupimia wala kupigia.

Vitufe vingapi?

Vinanda vya midi huuzwa kwa idadi ya vitufe. Vitufe 25 ni oktavu 2, 37 ni oktavu 3, 49 ni oktavu 4, 61 ni oktavu 5, na 88 ni piano kamili. Karibu vyote vina vibonyezo vya kupandisha na kushusha oktavu, kwa hiyo hata chenye 25 kinafika noti za chini na za juu. Tofauti ni kwamba huwezi kuzifikia zote kwa wakati mmoja.

Uliza mikono yako itafanya nini. Anayetengeneza biti za bongo fleva au singeli hujenga kipande kwa kipande: ngoma, kisha besi, kisha melodi. Vitufe 25 vinamtosha. Akai MPK Mini na Arturia MiniLab ni mifano inayojulikana. Vyote vina vitufe 25 vidogo na padi 8 za mpira za kupigia ngoma kwa vidole.

Anayepiga nyimbo za kwaya kwa mikono miwili, kushoto besi na kulia sauti za juu, atabanwa na 25. Atafute 49 au 61 vya ukubwa wa kawaida. M-Audio Keystation ni mfano mmojawapo. Vitufe vidogo humchanganya mtu aliyezoea kinanda cha kanisani, kwa sababu vidole vinaruka kupita noti. Vitufe 88 vizito kama vya piano ni ghali, havibebeki kwenye bodaboda, na kwa anayeanza havina ulazima.

Jambo la lazima kwa kinanda chochote ni kuhisi nguvu ya kidole. Gusa taratibu, sauti iwe ndogo. Gonga kwa nguvu, iwe kubwa. Kisichohisi hivyo hakikuzidishii mengi kuliko herufi za kompyuta.

Ukitaka ladha ya Kigogo

Hapa kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Kinanda kimegawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa. Muziki wa Wagogo haukugawanywa hivyo. Chukua uzi wa zeze: ukitetemeka mzima hutoa sauti moja ya chini, ukitetemeka kwa nusu, theluthi, robo na kuendelea, hutoa sauti za juu zinazotokana na uzi wenyewe. Watafiti wa muziki wameonyesha kwamba uimbaji wa Wagogo na upangaji wa ilimba hufuata sauti hizo za asili. Mojawapo, ile ya sehemu ya 7, iko chini ya noti ya karibu ya kinanda kwa takribani theluthi ya nusu sauti. Ndiyo maana ukipiga kinanda juu ya ilimba, kuna noti inayokwaruza sikio hata kama hukukosea.

Haina maana kwamba vyombo hivi haviwezi kukaa pamoja. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alirekodi albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook, na ndani yake ilimba na zeze vinasikika pamoja na magitaa na mitambo ya studio. Mwanawe Msafiri Zawose ameendelea na njia hiyo ya kuchanganya.

Kwa anayeanza, njia ni hii. Chagua kinanda chenye gurudumu au kijiti cha kupinda sauti, ili uweze kuishusha noti kidogo inapohitajika. Chagua chenye padi kama unataka kupiga ngoma za muheme, zile wanazopiga wanawake wakiwa wamezibana mapajani. Kisha rekodi ilimba halisi kwa simu, mahali patulivu, chuma kimoja baada ya kingine, na upange kila sauti kwenye kitufe chake ndani ya programu. FL Studio inaweza kufanya hivyo. Utakuwa na kinanda kinachotoa ilimba ya mzee wa kijijini kwenu, ikiwa na mpangilio wake wenyewe.

Mzee huyo umwombe ruhusa, umweleze sauti yake itatumika wapi, na mkubaliane malipo mapema. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda wapigaji na sanaa za jadi pia. Makubaliano yaliyoandikwa, hata kwenye karatasi ya daftari yenye sahihi mbili na shahidi, huzuia ugomvi wimbo ukianza kuchezwa redioni.

Umeme na vumbi

Vinanda vingi vidogo vya midi havichomekwi ukutani. Hutumia volti 5 kutoka kwenye USB, umeme uleule wa kuchajia simu. Kwa hiyo kompyuta mpakato yenye betri nzima, au simu na pawabenki, hukuwezesha kufanya kazi umeme ukikatika. Vikubwa vingine huhitaji adapta yake. Hakikisha imo ndani ya boksi.

Adui mkubwa wa kinanda hapa kwetu ni vumbi la kiangazi. Likiingia chini ya vitufe, vinakwama au vinatuma nguvu isiyo sahihi. Kifunike kwa kanga kila ukimaliza, kifute kwa kitambaa kikavu, na usikiache juani wala ndani ya gari lililofungwa.

Siku ya kununua

Nenda dukani na simu yako au kompyuta yako, programu ikiwa imeshapakuliwa, pamoja na OTG na visikio. Chomeka kabla ya kulipa. Bonyeza kila kitufe kuanzia kushoto hadi kulia, taratibu kisha kwa nguvu. Geuza gurudumu la kupinda sauti uone kama sauti inarudi mahali pake ukiliachia. Tikisa kidogo waya wa USB. Ukikatika-katika, tundu limelegea, na ukarabati wake si rahisi.

Kwa cha mtumba, uliza kama namba za programu zilizokuja nacho zimeshatumika, maana nyingi hutumika mara moja tu. Kwa kipya, dai risiti ya EFD na uandikiwe muda wa waranti. Usitumie fedha zote kwenye kinanda: baki na za adapta ya OTG, visikio vya waya na flashi ya kuhifadhia kazi.

Kwa kifupi

Kama una simu tu na unataka kutengeneza biti, pima OTG na uchelewaji kwanza, kisha tafuta kinanda cha vitufe 25 chenye padi. Kama unapiga kwaya, tafuta 49 au 61 vya ukubwa wa kawaida. Kama kanisani kipo kinanda chenye USB TO HOST, anza na hicho. Na kama simu yako imeshindwa vipimo vyote viwili, fedha ulizo nazo ni heri ziende kwenye kompyuta ya mtumba, uanze kwa herufi, na kinanda kisubiri mavuno yajayo.