Nani Atalipa Tiketi?



Mwaka jana nilikuwa kwenye harusi mjini Buffalo. Binti mmoja, ambaye wazazi wake ni watu wa Kivu waliopitia kambi ya Nyarugusu kabla ya kuja huku, alinijia na swali. Anasoma biolojia. Mwalimu wake amekubali achunguze maji ya Ziwa Tanganyika upande wa Kigoma. Ada inalipwa, vifaa vya maabara vipo. "Shikamoo mjomba," akasema. "Sasa nani atanilipia tiketi?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Njiani nikirudi Columbus nikawa nalifikiria, maana swali hilo ni la zamani kuliko sisi.

Mwaka 1959 Kenya ilikuwa bado koloni. Vijana walikuwa na barua za kukubaliwa katika vyuo vya Marekani, lakini hawakuwa na nauli. Tom Mboya alizunguka nchi hii akiwaombea. Barua ya kuomba michango ilitiwa saini na Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson. Wenzetu wa Louisville wamkumbuke huyo Robinson. Mwaka 1946, akiichezea timu ya besiboli ya Montreal, alizomewa vibaya katika mji wao kwa sababu ya rangi yake. Miaka 13 baadaye alikuwa anawaombea nauli watoto wa watu asiowajua.

Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilikataa kwanza kugharamia safari. Mboya akamwendea Seneta John F. Kennedy, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Nyumbani nako wazazi na majirani walichangishana. Hadi mwaka 1963 karibu vijana 800 walikuwa wamevuka, wengi wao Wakenya.

Mmoja wao alikuwa Wangari Maathai. Alifika mwaka 1960, akasoma biolojia Kansas, kisha akafanya shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, mji ulioko safari ya saa tatu au nne kwa gari kutoka Columbus, na vivyo hivyo kutoka Buffalo. Taasisi ya Africa-America Institute ilimlipia. Huko alichunguza tezi moja ndogo ya ubongo wa kware. Mwaka 1966 alirudi Nairobi na barua ya kazi mkononi, akakuta kazi imepewa mtu mwingine. Hakukata tamaa. Alipata nafasi katika idara ya tiba ya mifugo, akaenda Ujerumani kwa utafiti, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu.

Lakini jambo kubwa alilolivumbua halikutoka Pittsburgh wala Ujerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa anakusanya kupe nje kidogo ya Nairobi ili kuchunguza ugonjwa wa ndigana kali. Akaona ng'ombe wamekonda hadi mbavu zinahesabika, na mito imejaa udongo uliosombwa na mvua. Akatambua kwamba hatari kubwa ya mifugo ile ni ardhi iliyovuliwa miti, kuliko kupe wenyewe. Mwaka 1977 alianzisha harakati ya Green Belt, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mimi ni mhandisi, na nimejifunza kwamba tatizo halionekani vizuri ukiwa mbali nalo. Fedha za ng'ambo zilimpa Wangari elimu na macho ya kuchunguza. Cha kuchunguza alikikuta shambani, karibu na kwao.

Somo hilo lilifanyiwa kazi hapa hapa Columbus. Kuanzia mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Ohio State kiliongoza mradi wa iAGRI pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, kwa fedha za USAID. Watanzania zaidi ya 100 walisomeshwa shahada za juu za kilimo na lishe. Waliokuja Marekani walisoma darasani huku, kisha wakarudi nyumbani kufanya utafiti wao kwenye mashamba ya Tanzania. Tiketi ya kurudi ilikuwa sehemu ya masomo.

Fedha za namna hiyo zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe akabadili nia. Januari 2025 misaada ya Marekani kwa nchi za nje ilisimamishwa, na Julai mosi USAID ikafungwa. Na watoto wetu huku? Sheria ya mwaka 2000 ilianzisha ufadhili wa Gilman kwa wanafunzi wenye kipato kidogo waende kusoma nje, lakini ulitengwa kwa raia. Binti yule bado hajapata uraia. Anakijua Kiswahili cha wavuvi wa Kigoma, kitu ambacho mtafiti mgeni angehitaji miaka kujifunza, lakini nauli hana.

Ndugu zangu, tusiseme hatuna uwezo. Harusi ile ya Buffalo ilichangiwa na watu wa miji yote mitatu, ukumbi ukajaa na chakula kikabaki. Akifariki mwenzetu, ndani ya wiki moja tunakusanya fedha za kumsafirisha hadi kwao. Tunajua sana kulipa tiketi ya kumrudisha marehemu nyumbani. Tiketi ya aliye hai, anayekwenda kupima maji na kurudi na majibu, ni rahisi zaidi.

Napendekeza kila kamati ya harusi itenge kiasi kidogo cha michango kwa ajili ya mwanafunzi mmoja wa sayansi kila mwaka. Binti yule nimemjibu kwamba nauli ya kwenda nitaitoa mimi. Ya kurudi naiombea kwenu.